Taulo Lililokaa kwa Mtani

Mwenyekiti, asante kwa nafasi. Wanachama wenzangu, nawasalimu kila mtu kwa salamu anayoijua. Wa msikitini mmeitikia, wa kanisani mmeitikia, na wale wa bandarini tu, ambao hamwitikii popote, mambo vipi.

Huu ni mwezi wa nne naambiwa ni zamu yangu ya ushuhuda katika chama chetu cha makuli. Mara ya kwanza nilisema koo linauma. Mara ya pili nikasema nina mgeni nyumbani. Mara ya tatu nilijitolea kwenda kufuata maji ya kunywa, nikarudi mkutano umekwisha, na maji yenyewe sikuja nayo. Leo mtani wangu kaweka kiti chake mlangoni, kaziba njia, mnamwona anavyocheka. Kwa hiyo nitasema. Majina ya watu sitaji. Mtani mwenyewe kanikataza, anasema nikimtaja nitampa umaarufu, halafu atashindwa kupita mjini kwa kusalimiwa.

Wageni mliopo, akina mama wa uji na wake za wanachama, niwaeleze kidogo kazi yetu. Gunia la korosho halipandi mgongoni peke yake. Watu wawili wanalinyanyua, wa tatu anaingia chini yake. Sisi tunaonyanyua tunaitwa watwishaji. Mimi nimekuwa mtwishaji katika maghala ya hapa bandarini tangu ndevu hazijaota sawasawa, na sheria yetu ya kwanza nilifundishwa kabla sijafundishwa kushika pembe ya gunia: aliyebeba hasemi nimechoka. Hawezi. Ana aibu, ana wenzake nyuma yake, ana kichwa kigumu. Kwa hiyo mtwishaji ndiye anayetazama magoti. Goti likianza kucheza, unamtua. Humwulizi. Gunia linashuka chini kwanza, maneno yanafuata baadaye, na akitukana atukane akiwa mzima.

Hiyo sheria naijua nikiwa nimelala. Sasa ngoja niwaambie nilivyoisahau.

Wengi wenu mnajua kwamba jioni, tukishamaliza kazi, nafundisha ngumi pale nyuma ya ghala la zamani. Mwanafunzi wangu wa kwanza aliyefika mbali alikuwa kuli mwenzetu. Mimi Mmakonde, yeye Mmakua, na makabila yetu yana utani tangu enzi za mababu. Utani wetu ulikuwa hauna likizo. Alikuwa ananipigia simu alfajiri kuniuliza kama panya wangu wa kifungua kinywa ameiva, maana sisi Wamakonde tunasemwa tunakula panya. Siku moja alinichukulia viatu mlangoni pa msikiti, nikarudi nyumbani pekupeku, na yeye ananisubiri barazani kwangu amevivaa. Kwa mtani hukasiriki. Akichukua kitu chako amechukua, ukikitaka unakikomboa kwa namna atakayosema yeye. Mimi nami sikuwa malaika. Nilihudhuria harusi yake nikakataa bibi harusi asiingie ndani mpaka bwana harusi aimbe, na anavyoimba mnajua.

Lakini kwenye ngumi alikuwa mtu. Mkono wa kushoto mwepesi, miguu mizuri, na moyo ambao, ndugu zangu, ndio uliomponza. Moyo ule ulikuwa haujui neno basi.

Likaja pambano kubwa la maisha yake. Jumapili alasiri, ukumbi wa mjini, raundi nane, na mshindi anakwenda kupigana Dar es Salaam. Mpinzani alikuwa mgeni kutoka upande wa Lindi, jamaa mrefu mwenye mikono kama makasia. Mimi nilijiandaa kama kocha. Nilikwenda Mikindani, kwenye duka la Muhindi wetu anayeuza mashuka, nikanunua taulo jeupe jipya. Kwa asiyejua mchezo huu, taulo la kocha lina kazi mbili. Moja ni kufuta jasho. Ya pili ni kwamba bondia wako akizidiwa, unalirusha ulingoni, mwamuzi anasimamisha pambano, umeshindwa, mnakwenda nyumbani.

Tukiwa chumbani tunamfunga glovu, mtani akaliona lile taulo begani kwangu. Akalivuta kwa meno, maana mikono ilishafungwa. Mke wake alikuwa amekuja kumtakia heri, akalitemea mikononi mwake, akamwambia alifunge kwenye kanga yake. Halafu akanigeukia akasema, "Hili nimelichukua kwa utani. Leo Mmakonde hurushi kitu."

Tulicheka wote, na mimi nilicheka kuliko wote. Niliona ni mtani ananifanyia mambo yake. Sikusema nirudishie, kwa sababu kwetu anayedai kitu chake kwa mtani kwa hasira anaonekana mtu wa ajabu, hana malezi.

Raundi ya kwanza tulikwenda vizuri. Ya pili vizuri. Ya tatu yule mrefu akapata kipimo chake. Ya nne mtani alipigwa ngumi moja ya pembeni ya jicho nikaisikia kutoka nilipokaa. Alirudi kwenye kona anatabasamu, lakini alikaa kwenye kigoda kwa kukitafuta kwa makalio, namna mtu anavyokaa gizani. Nililiona hilo. Ndugu zangu, nawaambia nililiona, na nimeishi nalo.

Mwisho wa raundi ya tano akaniambia, "Mtani, jicho la kushoto halioni."

Nikamjibu, "Wamakua tangu lini mkaona?"

Akacheka. Meno mekundu, anacheka. Na mimi nikajiambia anayecheka hana neno. Ndivyo tulivyokuwa tunaishi, mtu anakwambia nakufa, unamwambia niachie shamba. Sikujua kwamba kuna siku mtani wako anaacha utani na hakuambii kwamba ameacha. Nikamfuta uso, nikamwuliza, "Unaendelea?" Akasema, "Naendelea."

Nyie baadhi yenu mlikuwepo. Sisemi kwa kuwalaumu, kila mtu alikuwa anapiga kelele na mimi nilikuwa napenda kelele zile. Jina la bandari yetu lilikuwa linaitwa ukumbi mzima. Mwamuzi akanitazama kwa jicho la kuuliza, nikamwonyesha dole gumba.

Raundi ya sita ikiwa katikati, nikaguswa bega. Nikageuka, ni shemeji, mke wa mtani. Ametoka safu ya tatu, amepita katikati ya wanaume wote wale, na ile kanga ameshaifungua. Taulo analo mkononi, ananipa. Ananipa tu.

Nikausukuma mkono wake. Nikamwambia, "Shemeji, rudi ukakae. Huu si mchezo wa wanawake."

Hilo ndilo neno langu, mwenyekiti. Ukitaka kujua kwa nini nilikimbilia kufuata maji, ni kwa sababu ya neno hilo. Mengine yote nimeweza kuyasema zamani.

Mtani alianguka raundi ya saba. Hakuanguka kwa kelele. Alipiga magoti kwanza, akabaki hivyo kidogo kama anatafuta kitu sakafuni, halafu akalala. Magoti yale nilikuwa nimeyaona yakicheza tangu raundi mbili nyuma. Mtwishaji mzima.

Tulimbeba hospitali. Alizinduka kesho yake, Mungu mkubwa. Lakini jicho halikurudi. Alipelekwa Dar, madaktari wakamweleza kwamba kitambaa cha ndani ya jicho kilibanduka na kuchanika, na kwamba kila ngumi aliyoongezwa baada ya kuanza kuona giza ilizidisha. Kila ngumi aliyoongezwa. Maneno hayo aliniletea ndugu yake mtani, na alinieleza taratibu, kama anayesoma barua ya mtu mwingine.

Watu walinifariji. Wakasema bondia mwenyewe alisema anaendelea, wewe ungefanyaje. Wakasema taulo lilichukuliwa na mwenyewe. Nikawa nawaitikia. Lakini usiku wa mtu anaujua mwenyewe. Vitambaa vya kufutia jasho vilikuwepo kwenye ndoo. Ndoo yenyewe ilikuwepo. Shati langu lilikuwepo mwilini. Kama ningetaka kurusha kitu ningerusha hata kiatu. Nilijificha nyuma ya utani.

Na mtani hakunilaumu, hilo ndilo lililonimaliza. Alinipigia simu akiwa bado amefungwa bendeji kuniuliza kama nimeshaota manyoya kwa panya ninaowala. Sikupokea. Akapiga tena, sikupokea. Nikaacha kuja kazini. Mazoezi yakafa, mifuko ya kupigia ikaliwa na panya, hao panya wenyewe anaonidai mtani. Nikaenda Mpapura kwa mama yangu, kwenye mikorosho, nikasema nakwenda kumsaidia kupalilia.

Palizi niliyoifanya mnaijua. Msimu wa mabibo, uraka, ile pombe ya mabibo yenyewe, huutafuti, unakufuata mpaka mlangoni. Nilikunywa uraka mpaka msimu ukaisha, ulipoisha nikahamia kwenye ile kali inayochemshwa. Nawaambia ukweli, sikuwa mlevi wa kelele. Nilikuwa mlevi wa kukaa. Nakaa ukutani, jua linanizunguka, najisogeza kufuata kivuli. Mama hakuniuliza. Alikuwa anafunika chakula changu kwa kawa, anaondoka, akirudi anakuta chakula kipo, anakifunua anakula yeye mbele yangu, polepole, ili nione. Alikuwa na ubishi wa kimyakimya, Mungu amrehemu.

Nilikaa hivyo miaka miwili. Mama akafariki.

Aliamka mzima akafariki alasiri, na mimi nilikuwa palepale ukutani. Majirani ndio waliomwosha, ndio waliotuma salamu mjini. Mimi sikumwambia mtu hata mmoja wa bandarini. Lakini mnajua msiba hauendi bila watani. Asubuhi yake, watu wanataka kuanza kuchimba, nikasikia kicheko njiani. Nikakijua kabla sijamwona.

Alikuja na mke wake. Amevaa miwani myeusi, anatembea kichwa amekigeuza kidogo, namna anavyokigeuza hadi leo. Akafika pale pa kuchimba kaburi, akachukua jembe, watu wakadhani anasaidia. Akaliweka chini akalikalia. Akasema hapa hapachimbwi, yeye ana haki yake, marehemu alikuwa amemwahidi uji wa karanga na hakumpa, kwa hiyo aliyebaki alete uji. Watu walikuwa wanalia na kucheka kwa wakati mmoja. Mashangazi zangu wakaenda kweli kutafuta uji. Ndiyo kazi ya mtani, kumtoa mfiwa kwenye shimo lake kabla ya kuzika aliyekufa.

Kisha akavua miwani. Akasema kwa sauti ile ile ya utani, mbele ya ukoo wangu mzima na shehe wa kijiji, "Na wewe uliyenipofusha, njoo unishike mkono. Upande wa kushoto kwangu kuna giza, nitaingia kaburini mimi badala ya mama yako."

Ndugu zangu, neno lile mtu mwingine yeyote angelisema pale, pangemwagika damu. Mtani peke yake ndiye anayeruhusiwa. Na mtani akisema msibani hukasiriki, unajibu au unatoa anachodai. Nikatoka nilikokuwa nimesimama, nikaenda kushoto kwake, nikamshika mkono. Tukamzika mama yangu tukiwa hivyo. Nililia kama mtoto, na sikulilia kitu kimoja.

Baada ya mazishi tulikaa pembeni, mimi na yeye na mke wake, tunakunywa uji ule ule. Hapo utani aliuweka chini. Aliniambia, "Bandarini ukiona magoti yangu yanacheza, ulikuwa unanitua bila kuniuliza. Sikuwahi kukuchukia. Ulingoni kwa nini uliniuliza?"

Mpaka leo swali hilo sijapata jibu lake, nimepata tu la kufanya.

Nikamgeukia shemeji nikamwomba radhi kwa lile neno la mchezo wa wanawake. Akaniambia radhi ameisikia, taulo bado analo. Nikamwambia basi nirudishie. Mtani akadakia kwamba taulo ni mateka wake, halijakombolewa, na ukombozi wake atausema siku akijisikia.

Walilala pale siku tatu, na siku ya nne tukarudi Mtwara pamoja. Sikuacha pombe kwa siku moja, msije mkanitangaza. Niliteleza mara mbili. Mara zote mbili mtani alikuja kukaa na mimi, na akikaa ananisimulia habari za ndugu zake wa ng'ambo ya Ruvuma mpaka mtu unaona bora uache pombe upumzike. Na ninyi, chama hiki, mlikuwa mmeshampa yeye kazi ya kulinda stoo ya maturubai, kazi ya kukaa, inayomfaa mtu wa jicho moja. Mimi mkanirudisha kwenye utwishaji bila hotuba. Yule mzee wa zamu alinitazama siku ya kwanza akasema tu, "Shika pembe hiyo." Sijasahau.

Mifuko tukaishona. Mazoezi yakafufuka. Makocha sasa tuko wawili, mimi nakaa kushoto kwa mtani, namwonea upande ule, yeye ananionea moyo. Taulo jeupe sikununua tena. Niliona si halali yangu.

Sasa nije kwenye siku ile mliyonizomea. Msijifanye hamkumbuki.

Alikuja kwetu binti mmoja kutoka Msimbati, anauza samaki sokoni hapa. Alikuja kuuza pweza, akasimama kutazama mazoezi, akaweka ndoo chini akaomba glovu. Binti yule ana mkono wa kulia ambao mimi mwenyewe sikai mbele yake. Tukamfundisha miaka miwili. Akapigana mara nne, akashinda nne. Likaja pambano la tano, raundi sita, ukumbi ule ule.

Raundi mbili za mwanzo alitawala. Ya tatu akachoka, ya nne akaanza kupigwa. Kwenye kona nikamtazama, sikumwuliza kitu. Mdomo unasema niko sawa, niko sawa, hata sijauliza. Raundi ya tano akapigwa kichwani mara tatu mfululizo, akaegemea kamba, akajivuta, akarudi. Ninyi mnaimba jina lake. Mtani akanisogelea akaniuliza, "Magoti vipi?" Yeye kutoka pale hakuwa anaona vizuri. Nikatazama. Goti la kulia lilikuwa linacheza.

Hapo nilijua kila kitu mara moja. Imebaki raundi moja na nusu. Akisimama mpaka mwisho, huenda anashinda kwa pointi za mwanzo. Nikisimamisha, ameshindwa kwa mara ya kwanza maishani mwake, na aliyemshindisha ni mimi. Ukumbi mzima utaniita mwoga. Na yeye je, atarudi? Mkono ukaenda begani kutafuta taulo, begani hamna kitu.

Nikavua shati. Vifungo viwili vilikatika, sijavipata hadi leo. Nikalikunja nikalirusha katikati ya ulingo, mimi nimesimama kifua wazi na kitambi hiki mnachokiona.

Ukumbi ulilia kwa kucheka halafu ukalia kwa hasira. Mwamuzi aliliangalia lile shati kwanza, hakuelewa, maana lilikuwa la maua. Akanitazama, nikamwonyesha kwa mikono miwili, basi. Akasimamisha. Chupa ya maji ikanipiga mgongoni, na aliyeirusha yumo humu ndani, nimeshamsamehe.

Binti alinitolea macho. Akaniambia, "Nani kakuomba?" Nikamwambia hakuna. Akashuka ulingoni bila kunipa mkono, akavua glovu kwa meno.

Daktari alimpima. Akasema hana kitu, uchovu tu na uvimbe. Na hapa, ndugu zangu, ndipo penye ugumu ambao sikuambiwa na mtu. Ukichelewa kumtua mtu, kila mmoja anaona ulichofanya. Ukimtua mapema, hakuna atakayeona ulimwokoa na nini, hata wewe mwenyewe huoni. Huenda hakukuwa na kitu. Huenda angeshinda. Nilirudi nyumbani kifua wazi, maana shati lilibaki na watu wanalipiga picha, na niliona raha. Sijui niwaambieje. Nilizomewa njia nzima na nilikuwa na raha.

Asubuhi yake, sijanywa hata chai, nikasikia hodi. Ni shemeji, peke yake. Ana kitu amekifunga kwenye kanga. Akakifungua. Taulo jeupe, limefuliwa, limepigwa pasi, limekunjwa mara nne. Miaka yote ile alikuwa amelitunza. Safari hii sikuusukuma mkono wake.

Akasema, "Mwenzako anasema umelikomboa."

Nilisimama nalo mlangoni. Nikamwambia karibu chai.

Binti hakuja mazoezini mwezi mzima. Nikipita sokoni ananigeuzia mgongo, anapara samaki kwa hasira mpaka magamba yananirukia. Mwezi wa pili akaja. Akaweka ndoo yake pale pale, akafunga mikono bandeji mwenyewe. Akaniambia, "Kocha, mimi bado naona ningeshinda." Nikamwambia huenda. Akaniambia ataendelea kusema hivyo hadi azeeke. Nikamwambia aseme, muhimu azeeke. Basi, tukaanza kuruka kamba. Leo yupo, ile safu ya nyuma, ananikunjia uso.

Nimalize, mwenyekiti ananionyesha saa.

Namshukuru mtani wangu, ambaye alikuja kwenye msiba wa mama yangu wakati mimi sikwenda kitandani kwake hospitali. Namshukuru shemeji, aliyeona kabla yetu sote na mimi nikamwambia arudi akakae. Nawashukuru watu wa Mpapura waliomwosha mama. Nawashukuru ninyi wanachama kwa ile "shika pembe hiyo." Na mama yangu, kwa chakula alichokula mbele yangu polepole.

Kama mnataka funzo, lenu mnalo tayari, mnalitumia kila siku ghalani. Wazee walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na mimi nilikuwa nimesimama chini ya ulingo nauona mzigo wa mtani mwepesi kabisa. Mtu aliye chini ya gunia msimwulize kama anaweza. Atasema anaweza. Mumeo, mkeo, kijana wako, jirani anayekaa ukutani anafuata kivuli. Tazameni magoti. Na mkiona yanacheza, mtueni, mkubali kutukanwa.

Mwezi ujao binti huyu anapanda tena ulingoni, pale pale. Njooni. Mtani atakuwa kiti cha kulia, mimi kushoto kwake, na taulo begani, hili hapa, mnaliona. Alipolitazama leo asubuhi mtani alisema limepauka, nilirudishe kwa mkewe alifue. Nikamwambia siliachii tena.